Baba Mkwe na Waya wa Radi

Baba mkwe wangu hakuweza kupita mahali penye kitu kilichofungwa asikifungue. Redio ikikohoa, anaifungua. Saa ya ukutani ikichelewa, anaifungua, na ikiwahi pia anaifungua. Siku niliyoingia kwake kama mke wa mwanawe mkubwa, bado khanga zangu zinanukia duka, nilimkuta barazani ameitawanya cherehani ya marehemu mama mkwe kwenye gunia. Nikapiga goti nikasema shikamoo Baba. "Marahaba mwanangu, shika hapa," akaniwekea skrubu kiganjani, nami nikakaa nimezishika mpaka wageni wengine wakaona aibu kwa niaba yangu. Nilimpenda siku hiyo hiyo. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani nilianza na chuki.

Jina lake silitaji. Mjini Mbinga walimwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha sayansi mpaka akastaafu, na wapo watu wazima na vitambi vyao ambao wakimtaja mpaka leo wanajishika makalio. Mimi nilimwita Baba. Nikiwa na hasira nilimwita Baba Mkwe, kimoyomoyo, nikikazia hilo neno la pili.

Alivaa koti la sufu la kijivu jua liwake mvua inyeshe. Mfukoni, pale wenzake wastaafu walipochomeka kalamu, yeye alichomeka bisibisi. Kahawa alilima maisha yake yote na hakuwahi kuionja. Alikunywa chai ya rangi yenye tangawizi, akiipuliza kwa kelele hata ikiwa imeshapoa. Alikuwa na upole wa ajabu kwa vitoto vya majirani. Aliwaita barazani, akawakatia muwa, kisha akawaeleza jinsi mwezi unavyozunguka, kwa kutumia muwa huo huo, mpaka wakasinzia. Kuku walieleweshwa. Mbwa alieleweshwa. Mtu pekee ambaye sikuwahi kumwona akieleweshwa kitu ni yeye.

Neno lake kubwa lilikuwa "tuulizane". Kukiwa na jambo la shamba, tuulizane. Mgeni anakuja, tuulizane alale wapi. Mwanzoni nilijibu, maana kwetu mtu akikuuliza unajibu. Nikaja kugundua kwamba akisema tuulizane ujue ameshaamua, na wakati wewe unatafuta maneno yeye ameshavaa viatu.

Neno hilo alilitoa kwenye sengu. Mimi ni Mnyasa wa Mbamba Bay, nimekuzwa kwa usipa, dagaa wa kwetu, na upepo wa ziwani. Milima ile na baridi ile nilivipata kwa ndoa, kwa hiyo ilibidi nifundishwe. Sengu lilikuwa baraza la Wamatengo wa zamani. Wanaume wa boma moja walikula pamoja kwa mzee wao, kila mke akileta chungu chake, na wakishanawa mikono mambo ya nyumba yanasemwa hapo hapo mpaka yaishe. Baba Mkwe alisimulia sengu la baba yake mpaka mate yanamtoka. Kilichomfurahisha kuliko vyote ni hila ya yule mzee katika kugawa vyakula. Huyu alipewa unga mwingi akanyimwa maharage, yule akapewa maharage akanyimwa chumvi.

"Ili wasiweze kununiana, mwanangu," aliniambia. "Mtu akiwa na kila kitu anafunga mlango."

Sengu lake yeye lilimfia mikononi. Alikuwa na wana wawili tu. Mkubwa, mume wangu, alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Mdogo, shemeji yangu, alikuwa hana kazi ya kueleweka mpaka lilipokuja soko huria. Kabla ya hapo kahawa ya Mbinga ilikuwa na mlango mmoja, nao ni ushirika. Sasa wakapanda wanunuzi binafsi na magari yao, na Shemeji akawa wakala wa mmoja wao. Alizunguka kijiji cha Ruanda, akafika hadi Kingerikiti, kokote gari lilikoweza kukwama, akinunua kwa watu wale wale waliokuwa wakipeleka kwa kaka yake. Chama kikadhoofu, kikafungwa. Mume wangu akarudi nyumbani na kalamu zake ndani ya bahasha, akasema aliyemfungia mlango ni mdogo wake wa tumbo moja.

Hawakupigana. Wamatengo niliowajua mimi hawakupigana, walinyamaza, na ule unyamavu ulikaa ndani ya nyumba kama moshi wa kuni mbichi. Nyumba zetu zilitazamana, katikati kukiwa na kipande cha shamba la maharage. Mume wangu aliniambia, "Mama Hyasinta, usikanyage kule." Wiki hiyo hiyo Shemeji naye akamwambia mkewe vivyo hivyo.

Mke wa Shemeji tulimwita Mama Kanisia. Alitoka Mpepai, na kicheko chake kilikuwa kinasikika kabla yeye mwenyewe hajatokea. Tuliolewa pale mwaka mmoja. Ndiye aliyenifundisha Kimatengo cha kuombea chumvi, na jinsi ya kuteremka mlima wa udongo mwekundu wakati wa mvua bila kuteremka kwa matako. Sikuwa na ndugu mwingine kule juu. Nilipokatazwa kwenda kwake nilikatazwa mtu pekee aliyekuwa akinicheka kwa wema.

Sasa nizungumze juu ya kompyuta, kwa sababu bila hizo Baba Mkwe angekuwa mzee wa kawaida tu mwenye bisibisi.

Ya kwanza aliileta Shemeji kutoka Dar es Salaam, kuukuu, mtumba wa Ulaya, ofisi ya bosi wake ilipobadilisha vyombo. Kaka mtu akanuna. Baba Mkwe akauza kahawa yake ya mwaka ule akanunua ya pili, kuukuu vile vile, pamoja na printa, akaziweka nyumbani kwetu. Akasema ni zangu. Nilikuwa nimesomea upigaji chapa kwa masista kabla ya kuolewa, na kazi ile ilikuwa inaniozea vidoleni. Nikaanza kupiga mitihani ya shule, nyimbo za kwaya, kadi za harusi, barua za watu kwa watoto wao walioko mbali. Mume wangu akilalamika kwamba watu wanaingia na matope, baba yake humwambia, "Mkeo ana kazi. Wewe una bahasha." Siwezi kusahau kwamba alinitetea namna ile. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mtu mbaya moja kwa moja.

Lakini hakuacha kufungua. Siku moja nikakuta mahali palipokuwa na mlango wa disketi kwenye kompyuta yangu pana tundu. Nikamwuliza. Akasema kifaa kimeharibika, amekipeleka Songea. Baada ya siku chache nikifagia chumbani kwake nikakikuta kwenye kabati, kimevikwa soksi. Nikamwonyesha. Hakuona haya hata chembe.

"Ndio unga bila maharage huo, mwanangu," alisema, akacheka mpaka miwani ikamdondokea mapajani.

Nami nikacheka, nikamrudishia soksi yake na kilichomo. Wateja wangu walileta kazi zao kwenye disketi. Mashine ya Shemeji ilizisoma, yangu haikuweza. Shemeji alihitaji karatasi za kununulia kahawa. Mimi nilikuwa na printa, yeye hakuwa nayo. Hivyo mzee alikuwa amepanga vyungu vyake. Tatizo ni kwamba miguu yetu ilikuwa imeshakatazwa, na vyungu haviendi vyenyewe.

Ndipo akapanda gari kwenda Songea, akarudi na bunda la waya mnene wa kijivu, kadi mbili za kuchomeka ndani ya kompyuta, na vijiplagi vya plastiki vinavyofanana na vya simu ya mezani. Alikuwa na kijitabu cha maelekezo cha Kiingereza alichokisoma kwa sauti kama Injili. Akazikusanya kompyuta zote mbili chumbani kwake kwa kisingizio cha kuzisafisha, akafunga milango, akavua koti, jambo ambalo hatukulizoea, akaanza.

Ndani ya ule waya mlikuwa na nyuzi nyembamba za rangi: chungwa, kijani, buluu, kahawia, na kila moja na mwenzake mwenye mistari myeupe. Akazipanga kwenye kiplagi, akazibana kwa koleo, halafu upande wa pili akazipanga vile vile, rangi kwa rangi, akitumia rula. Akawasha jenereta lake lililolisha nyumba zote. Kompyuta zikakaa zimetazamana kama mabubu. Alimlaumu muuza duka. Akalaumu jenereta, akalipiga kofi. Akalaumu unyevu wa Mbinga. Mimi nilikuwa nimeona kwenye kijitabu picha mbili zisizofanana, nikajaribu kusema, "Baba, hapa naona rangi za huku na za kule..." Akasema tuulizane, akatoka nje.

Asubuhi iliyofuata aliingia jikoni kwangu anang'aa.

"Mwanangu, nimegundua! Nilikuwa nimeunganisha mdomo kwa mdomo. Wote wanasema, hakuna anayesikia. Uzi wa kusemea wa huyu lazima uingie kwenye uzi wa kusikilizia wa yule. Upande mmoja unabadilishana chungwa na kijani. Basi!"

Nikamwambia hongera Baba. Akazipa mashine namba, ndefu na zenye nukta, tofauti ikiwa mwishoni tu, moja na mbili, kama wanafunzi wanaohesabiwa mstarini. Kwenye mashine ya Shemeji akatengeneza folda iliyofunguka pande zote mbili, akaiita SENGU kwa herufi kubwa. Nikabonyeza, nikaiona ikiwa kwangu. Mzee alisimama nyuma yangu akipumua kwa nguvu, akanishika bega.

Hapo niseme jinsi alivyowaeleza wanawe. Shemeji aliambiwa kuwa ni waya wa printa, akaridhika, maana aliupata uchapaji bila kusalimiana na mtu. Mume wangu asingekubali kitu chochote kitoke kwake kiende kwa mdogo wake, hata upepo. Yeye aliambiwa kwamba ni waya wa radi, wa kuipeleka ardhini isije ikaunguza jenereta. Kule kwetu juu radi huua ng'ombe malishoni, na hakuna anayebishana na mtu anayejikinga nayo. Mzee aliyehubiri kwamba nyumba ni ya kusemana wazi aliwadanganya wanawe wawili uwongo wa namna mbili kabla ya saa nne asubuhi, kisha akaenda kunywa chai.

Waya ulipaswa kuvuka shamba. Wakulima wa kule hulima ngolo. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza chini kwa miraba, wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya majani. Yanabaki mashimo na matuta kwenye mteremko mzima, mvua inakaa ndani ya mashimo na mlima haumomonyoki. Baba Mkwe alikuwa amelaza majani tangu ujana wake, na alijivunia miraba yake iliyonyooka. Jembe la ngolo hakuwahi kulishika. Hiyo ni kazi ya wanawake. Akaamua kuufukia waya ndani ya tuta, chini kabisa, kwenye majani yanayooza. Alisema hapo ndipo mahali ambapo jembe halifiki.

Mama Kanisia aliposikia, tulipokutana kisimani, alicheka mpaka akakaa chini. "Jembe halifiki? Msimu wa kugeuza shamba tuta la zamani ndilo linakuwa shimo! Baba amelima wapi huyu?" Nilimfikishia mzee maneno hayo kwa heshima zote. Akaniambia tuulizane.

Kwa hiyo waya ukalala humo, misimu ikapita, na kwangu ilikuwa miaka mizuri kuliko yote niliyoishi kule. Mama Kanisia hakujua kupiga chapa. Nilimfundisha kwa waya huo huo. Ndani ya SENGU tulikuwa na faili letu. Yeye anaandika, anafunga, mimi nafungua, naandika chini yake. Aliandika kwa kidole kimoja na hakuamini kuwepo kwa nukta. Jioni jenereta likiwaka, waume zetu wakiwa kila mmoja kwenye kilabu chake, tulikaa kila mtu dirishani kwake tukitazamana kuvuka maharage, na vidole vinazungumza. Tuliandika homa za watoto, sabuni iliyopanda bei, mwanakwaya aliyemkimbilia mwanakwaya. Nilimweleza ziwa, ambalo alikuwa hajaliona. Mara moja tuliandika jinsi mume wangu anavyokoroma, na nikasikia kicheko chake kikivuka shamba bila waya wowote.

Baba Mkwe alijua. Alikuwa akija kuchungulia begani kwangu, anauliza, "Mwenzio anasemaje?" Jioni moja mtoto wao Kanisia alishikwa na degedege, na Shemeji yuko safarini Kingerikiti. Mama yake aliandika neno moja, mtoto. Nilimkimbilia mzee, yeye aliyeruhusiwa nyumba zote mbili. Akambeba yule mtoto mgongoni ndani ya koti lake mpaka hospitali, akapona. Kwa mwezi mzima hakuna aliyepita barazani asisimuliwe jinsi waya ulivyookoa mtoto, isipokuwa wanawe. Kwao ilisimuliwa kwamba alisikia kilio.

Kisha ukaja msimu wa kugeuza shamba.

Ilikuwa kazi ya kualikana. Wanawake wa mtaa walikuja na majembe, pombe ya mahindi ikawekwa kivulini, na wana wote wawili wakaja kulaza majani ya baba yao, mmoja upande wa juu, mwingine upande wa chini, wamepeana migongo. Mimi na Mama Kanisia tuliwekwa mistari ya mbali, huyu huku na huyu kule. Katikati ya asubuhi jembe la jirani yetu mmoja likanasa. Akavuta. Ukatoka waya, akavuta tena, ukazidi kutoka, wenzake wakamshika kiuno wakavuta naye kwa nyimbo na vicheko kama wanang'oa mzizi wa mti. Ulikuwa umekatika hapo kwenye jembe, lakini kila ncha ilikuwa na njia yake. Moja ikapasua udongo hadi chini ya dirisha la Shemeji. Nyingine ikapasua udongo hadi chini ya dirisha langu.

Vicheko vikaisha vyenyewe. Mume wangu akauliza, polepole, "Waya wa radi gani huu unaoingia kwa yule?"

Akaniita ndani, akaniambia niwashe. Faili lote lilikuwamo kwenye folda ya kule, lakini nakala nyingine nilikuwa nimeihifadhi kwangu, nikamfungulia kwa sababu sikuona la kuficha. Alisoma akiwa amesimama, majembe yakiwa kimya nje. Hakukuta kitu ila homa na sabuni na kukoroma kwake. Hilo halikumpoza. Kwake mimi nilikuwa nimetoa siri za nyumba yake kwa aliyemfungia kazi. Na kule ng'ambo nasikia Shemeji naye anapiga kelele kwamba ndiyo maana habari za safari zake zilikuwa zinajulikana. Kila mmoja aliona jasusi, na jasusi huyo alikuwa anampikia.

Alasiri hiyo waliitana kwa baba yao. Kwa mara ya kwanza tangu chama kilipofungwa wana wale walikaa kwenye baraza moja, na sisi wake zao tulisimama mlangoni mwa jiko. Nilikuwa sina wasiwasi mkubwa. Nilijua mzee atasema: waya ni wangu, nimeubana mimi, nimeufukia mimi, niliwadanganya ninyi kwa sababu mnanuniana. Angekemewa kidogo na wanawe, angecheka, yangeisha. Ilikuwa ni hiyo tu, sentensi moja kutoka kwake.

Akawatazama wanawe, huyu kisha huyu. Wote wawili walikuwa wamemwinamia, magoti yanakaribia kugusana, na naamini hicho ndicho alichokiona, yale magoti.

"Tuulizane," alisema. "Mimi niliweka waya wa radi. Hawa wanawake ndio walioupeleka kwenye mashine zao. Nyumba hii ilianza kugombana lini? Si tangu walipoanza kuandikiana?"

Uwongo ule ulikuwa hauna hata suruali. Shemeji mwenyewe alikuwa ameambiwa ni waya wa printa. Mimi sikujua kubana kiplagi. Mama Kanisia hakujua hata nukta. Ugomvi ulikuwapo kabla ya waya, na waya uliletwa kwa ajili ya ugomvi. Mama Kanisia alisema neno moja tu, "Baba!" kama mtu aliyekanyagwa mguu gizani na mtu anayemjua. Mzee hakugeuka.

Wale ndugu wawili wakaitikia kwa vichwa, kwa pamoja. Walikuwa wamepata kitu cha kukubaliana. Kaka akasema ni kweli, wanawake ndio wanaotuharibia. Mdogo akasema hata mimi nilihisi, kaka. Kaka! Neno hilo lilikuwa halijasikika pale kwa miaka. Kisha Baba Mkwe akatuambia tulete chakula. Tukaleta, mimi ugali, Mama Kanisia maharage, tukainama kuwanawisha. Wakala kwenye sinia moja. Nilimwona mzee machozi yanamlengalenga kwa furaha, na nikatamani ugali umkwame.

Kabla mwezi haujaisha Mama Kanisia alirudishwa kwao Mpepai. Mtoto alibaki, maana mtoto ni wa ukoo. Alipita mbele ya nyumba yangu na sanduku kichwani, nami nilikuwa nimesimama mlangoni na mume wangu amesimama nyuma yangu. Kompyuta yangu iliuzwa pamoja na printa. Wateja waliendelea kuja na matope yao kwa muda, nikawa nawaambia imeharibika. Hakuna aliyenifukuza mimi. Nilikaa miaka mingine nikiwapikia watu walioelewana.

Na Baba Mkwe hakubadilika! Hilo ndilo lililonimaliza. Aliendelea kunipenda. Alikuja jikoni ananiita mwanangu, analeta sukari, anafungua tochi yangu na kuitengeneza bila kuombwa. Alizungumza juu ya kila kitu chini ya jua, na juu ya siku ile hakusema hata nusu neno. Ukikohoa kuikaribia, anaanza kueleza mwezi unavyozunguka. Nimefikiri sana kama alijidanganya mwenyewe mpaka akaamini. Ningependa iwe hivyo. Mtu anaweza kumsamehe mjinga.

Hyasinta alipomaliza shule nilishuka ziwani nikarudi kwetu Mbamba Bay, kwa kisingizio cha kumuuguza mama. Mama alipona, mimi sikurudi tena kuishi kule juu. Napiga chapa kwenye ofisi ya shule, na nyuma ya nyumba naanika usipa. Mpepai nilikwenda kila nilipoweza. Mama Kanisia alikuwa amekonda, na kicheko chake kilikuwa kimebaki nusu, lakini kilikuwepo. Mwanawe aliruhusiwa kumwona sikukuu kwa sikukuu, kisha Shemeji alipooa mwingine, hata hizo zikakatika.

Mara ya mwisho kumwona Baba Mkwe nilikuwa nageuza usipa kwenye mkeka. Gari la Mbinga lilikuwa limeshusha watu, nikaona koti la kijivu linakuja kwenye mchanga, ndani yake mzee mdogo sana. Ziwani ni joto, lakini alikuwa amelifunga mpaka kifungo cha juu. Bisibisi haikuwepo. Shikamoo ilinitoka yenyewe, goti likakunjika lenyewe. Nikamkalisha kivulini, nikamletea chai ya tangawizi, akaipuliza kwa kelele zile zile.

Alikuwa na shida. Kanisia anaolewa. Mambo ya harusi yamefika pazuri, lakini binti amekataa kuagwa kama kiti cha mama hakina mama yake. Mke mpya wa Shemeji, binti hamtaki kwenye kiti hicho. Analia tu. Basi yeye mzee ameona ateremke mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye ninayeelewana na Mama Kanisia, nikamwombe aje. "Wewe atakusikia," alisema.

Nikaacha usipa, nikakaa mbele yake. Nilikuwa nimelibeba swali moja miaka yote hiyo na sikutaka kufa nalo.

"Baba, siku ile barazani. Ulijua kwamba hatukufanya kitu?"

Hakuanza kueleza mwezi. Hilo namsifu. Aliweka kikombe chini, akanitazama kwa macho yake ya upole, yale yale ya siku ya skrubu.

"Nilijua," alisema. "Lakini wana walikuwa wawili tu, mwanangu. Wakwe hupatikana."

Alilisema kwa huruma, kama anayemwelewesha mtoto jambo la hesabu. Nadhani alitegemea nikubali. Nilisikia mawimbi yanagonga mitumbwi ya watu, nikapangusa magamba ya usipa mikononi.

"Mama Kanisia hawezi kuja, Baba. Tulimzika Mpepai masika ya mwaka juzi."

Mkono ukatafuta kikombe, ukakikosa. "Mbona sikuambiwa?"

"Nilipeleka habari mwenyewe. Nilipanda mpaka nyumbani kwako. Wewe ulikuwa umelala upande wa pili wa nyumba. Niliwaambia wanao, wakasema watawafikishia wewe na Kanisia."

"Yupi?"

"Wote wawili. Walikuwa pamoja, wanakula."

Aligeuka akatazama ziwa. Mwisho akaniuliza gari la kurudi Mbinga linaondoka saa ngapi. Nikamwambia limeshaondoka, la pili ni kesho asubuhi. Kisha nikaingia ndani kumtandikia kitanda, kwa kuwa alikuwa mzee na alikuwa baba mkwe wangu, na hapakuwa na mtu mwingine wa kufanya hivyo.